Kasha la Baba na Mnunuzi wa Vyuma Chakavu

Kama nyumbani kwenu kuna kasha la zana za uvuvi alizoacha marehemu, msilifungue siku ambayo hela ya unga imekata. Sisi tulilifungua siku ya namna hiyo, na nusura karabai za baba, zile taa za mafuta za kupampu, ziuzwe kwa kilo.

Ilikuwa mwaka 2024, Ziwa Tanganyika limefungwa. Serikali ilisimamisha uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Sina ubishi na sababu yake. Mimi naanika na kuuza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, na sisi wa mwaloni tulishaona namna mzigo ulivyokuwa ukipungua. Ila kuielewa sababu hakuivishi sufuria. Kaka zangu wawili ni wavuvi, mitumbwi yao imepandishwa mchangani, vichanja vyangu vya kuanikia vitupu, na kila nyumba unayopita watu wamekaa barazani wanahesabu siku. Ndipo kaka mkubwa akakumbuka lile kasha la mbao chini ya kitanda cha mama.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa kijana mpole tu, na mkokoteni wake na mizani ya kuning'iniza. Alichukua karabai ya kwanza, akatoa funguo mfukoni, akakwaruza tangi kwa chini. Rangi ya fedha ikabanduka, ukatokea mstari wa njano. "Hii ni shaba mama, siyo bati," akasema, macho yakamng'aa. Akapima karabai tatu, akatupia na mashine ya mshipi, ile ya kuzungushia uzi wa kuvulia, akatupia chubwi za risasi, vile vizito vya kuzamishia ndoano, akataja shilingi 45,000 kwa vyote. Kaka mdogo akawa tayari amenyoosha mkono.

Nikasema subirini kwanza. Sikuwa na hoja kubwa. Nilikumbuka tu harufu ya mafuta ya taa kwenye shati la baba alfajiri, na kwamba hakuwahi kuturuhusu watoto kuigusa ile mashine. Usiku tukakaa kikao, mimi, kaka zangu na mama. Kikao kilikuwa kigumu, kwa sababu bei ikishatajwa kila mtu anaisikia tumboni. Tukafikia kwamba nitavinunua mimi kwa shilingi 120,000, niwalipe kwa mafungu mawili, na mama ana haki ya kuviona wakati wowote. Mpwa wangu akaandika kwenye karatasi ya daftari, wote tukatia sahihi. Karatasi ile ilionekana mzaha wakati ule. Nitaeleza mbele kwa nini nawasihi muandike na ninyi.

Sasa nikawa na kasha, nina deni, na sijui chochote kuhusu vitu vilivyomo.

Aliyenifungua macho ni baba mdogo, mdogo wake baba, ambaye amevua ziwa hili tangu akiwa kijana mbichi. Nilimwita nikidhani atalia akiziona. Alicheka. Akaushika wavu wa pamba uliokunjwa chini kabisa, ukakatika mikononi mwake bila hata kuvutwa, akacheka tena.

"Huu unautunza wa nini, mama?"

"Kumbukumbu, baba mdogo."

"Mnaukumbuka ninyi ambao hamkuuanika."

Akaniketisha akanieleza. Wavu wa pamba ukirudi nao alfajiri hulali mpaka umeuanika, maana ukiubwaga umelowa unaoza. Kila baada ya muda mnauchemshia magome ya miti ili upate kudumu. Ukitoboka, mnashona. Siku ya mvua mnauingiza ndani mnalala nao na uvundo wake. Nyuzi za nailoni zilipoanza kuenea kwenye maziwa yetu miaka ya 1950, hakuna mvuvi aliyeulilia wavu wa pamba. Babu yao, alisema, alivua dagaa kwa lusenga, ule wavu wa mpini mrefu wa kuchotea, mtumbwini wamewasha miali ya kuni na majani makavu ili mwanga uvute dagaa. Moshi machoni, cheche mgongoni. Karabai ilipokuja, na ile mitumbwi miwili inayofungwa pamoja kwa miti ili wavu ushuke katikati na kuinuliwa, wazee waliona wamefika peponi.

Nimekuja kukubaliana naye. Zana za zamani hazikuvua kuliko za leo. Taa za sola na betri wanazotumia kaka zangu hazizimwi na upepo, hazimwunguzi mtu, na hazinywi mafuta ya taa, ambayo tangu ushuru wake ulipopandishwa mwaka 2011 kuzuia uchakachuaji yamekuwa si mafuta ya mnyonge tena. Kitu kimoja tu ndicho zana za zamani zinachotushinda nacho. Zinakubali kufunguliwa. Taa ya kaka ikifa anaitupa, maana imegandishwa kwa gundi pande zote. Karabai ya baba ina umri kuliko mimi, na kila kipande chake kinatoka kwa bisibisi na spana. Nikipenda zana za kale siku hizi nazipenda kwa hilo. Mengine ni harufu tu.

Baba mdogo ndiye aliyeniambia nianze na vitu vidogo ili nijue namna ya kuvisoma. Tukaanza na ndoano. Kulikuwa na kiboksi cha karatasi ngumu kilicholiwa pembe, kimeandikwa Mustad, na chini yake Oslo. Wavuvi wa maziwa yote wanalijua jina hilo. Kampuni ni ya Norway, na ilianza kufyatua ndoano kwa mashine mwaka 1877, mashine iliyobuniwa na fundi wao Mathias Topp. Zamani mji mkuu wa Norway uliitwa Kristiania, ukarudishiwa jina la Oslo mwaka 1925. Kwa hiyo boksi lenye Oslo haliwezi kuwa la kabla ya hapo. Nikaelewa kwamba maandishi ya kwenye boksi yana kazi. Usitupe karatasi, usitupe kifuniko, usitupe hata ile karatasi yenye nta waliyofungia. Ndoano zenyewe zilikuwa zimeota kutu kasoro chache zilizokuwa zimechovywa grisi. Zenye kutu nimeziacha ndani ya boksi lake kama zilivyo. Usivulie ndoano kongwe yenye kutu. Inakatika pale inapopindia, na samaki anaondoka nayo.

Chubwi za risasi zina jambo lake, nalisema kwa sababu nilimwona mpwa wangu akiiga alichosikia wazee wanafanya: kuibana chubwi ndogo kwenye mshipi kwa meno. Risasi ni sumu, na kwa mtoto inadhuru akili. Tumia koleo, nawa mikono kabla ya kula, na usiyeyushie risasi kwenye sufuria ya nyumbani.

Halafu ikaja mashine.

Baba aliwahi kuendesha boti ya daktari mmoja wa Kizungu aliyependa kuvua siku za mapumziko. Alipoondoka nchini alimwachia baba ufito wa kuvulia na mashine ya mshipi. Ufito ulivunjika zamani sana, mashine ikabaki. Ni nyeusi, ina tumbo la mviringo mithili ya yai, na ubavuni imeandikwa Mitchell. Mkono wa kuzungushia uko kushoto, jambo lililonifanya kwanza nidhani imefungwa vibaya. Kumbe ndivyo Wafaransa walivyoitengeneza: unashika ufito kwa mkono wa kulia wenye nguvu, unazungusha kwa kushoto. Hiyo ni modeli ya 300. Kuna pacha wake, 301, yenye mkono kulia.

Mkono haukuzunguka hata nusu. Nikaipeleka kwa fundi wa pikipiki aliye karibu, kijana hodari kwa kazi yake, simlaumu sana. Alichukua bisibisi ya kufungulia kifuniko cha injini. Kichwa cha skrubu ya kwanza kikaliwa pale pale. Nikaondoka nayo kabla hajafika ya pili, nikamlipa shilingi 2,000 za usumbufu. Skrubu za vitu vya zamani ni laini na mfereji wake ni mwembamba. Bisibisi isiyojaa mfereji wake inauharibu. Kama imegoma, weka tone la mafuta mepesi, iache ilale, kesho jaribu tena. Papara ndiyo inayoua vitu hivi.

Nilikuwa natoka sokoni Mwanga nilipopita kwa fundi saa. Mzee mwenye kimeza cha kioo, lenzi kwenye jicho moja, saa za ukutani nyuma yake kila moja na muda wake. Siku hizi kazi yake kubwa ni kubadilisha betri. Nikamtolea mashine kwenye mfuko wa plastiki, nikamwomba radhi kwa kumletea kitu kisicho chake. Akaipindua, akaisikiliza, akatoa bisibisi tano tofauti akazilinganisha na mfereji mmoja mmoja kabla ya kugusa. Kifuniko kilipotoka, akasema kwa sauti ya mtu aliyekutana na jamaa yake:

"Hii ni saa, ila haina mishale."

Alikuwa amepatia kuliko alivyojua. Nilikuja kusoma baadaye kwamba Mitchell ilitengenezwa na Carpano & Pons, mjini Cluses, kule milima ya Ufaransa ambako watu wameishi kwa kuchonga vipuri vya saa. Hata ABU ya Sweden, wale wa mashine maarufu ya Ambassadeur iliyotoka mwaka 1952, walianza mwaka 1921 kama kiwanda cha saa. Wametengeneza saa za mfukoni na mita za teksi kabla hawajageukia samaki. Kwa hiyo kama una mashine kongwe ya mshipi na unatafuta fundi, pita mbali na gereji. Tafuta mzee wa saa, na ukimpata umheshimu, maana hawajabaki wengi.

Ndani kulikuwa na utomvu wa rangi ya kahawia, mgumu, umezishika gia zote. Fundi akaukwangua kwa njiti, akaunusa, akaniangalia. Mawese. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa anailainisha mashine yake kwa mawese, mafuta aliyokuwa nayo. Mawese ni mazuri kwa maharage. Kwenye chuma, baridi ikipiga yanaganda, na miaka ikipita yanakauka yakawa gundi. Tukachukua kibakuli cha mafuta ya taa, tukaloweka gia usiku kucha, tukasugua kwa mswaki mkuukuu. Mimi kazi yangu ilikuwa kupiga picha kwa simu kila kipande kinapotoka na kukipanga kwenye kitambaa cheupe kwa mfuatano. Fundi aliona nacheza, mpaka wakati wa kurudisha ulipofika na wosha moja ndogo ikawa haijulikani inakaa upande gani. Picha ikajibu. Tangu siku hiyo na yeye anapiga.

Baada ya kukausha, grisi kidogo sana kwenye gia, tone la mafuta ya cherehani kwenye mhimili na kwenye mkono. Kidogo! Mashine ikijazwa grisi mpaka ifurike inazunguka kwa uzito, na mchanga wa ufukweni unanasa humo.

Tatizo lililobaki ni springi ya ule waya wa nusu duara unaoushika mshipi na kuurudisha kwenye bobini. Ilikuwa imekatika, na ni ugonjwa wa kawaida wa mashine hizi. Fundi akaniuliza kama nina haraka. Nikasema ziwa lenyewe limefungwa. Akatafuta kwenye kopo la takataka zake, akapata springi ya kitasa kibovu, akaikata, akaipinda miguu yake kwa koleo ndogo, akaijaribu, akaitoa, akaipinda tena. Nilikaa pale mchana mzima nikinywa kahawa ya mpita njia. Waya ulipofyatuka na kurudi mahali pake kwa ule mlio wake mdogo, tak, wateja wawili waliokuwa wanasubiri betri wakapiga makofi. Alinitoza shilingi 15,000 kwa kazi yote. Nikamwongezea kilo mbili za dagaa, zile za akiba, na akazipokea kwa furaha kuliko hela.

Bobini ilikuwa imepasuka ukingo, na hiyo haikupata kitasa cha kuikopesha. Nikaingia mtandaoni. Hapa nawaeleza taratibu kwa sababu ndipo hela ilipopotelea. Wauzaji wengi wa vitu vya kale wako Ulaya na Marekani, na wengi ni waaminifu, ila picha moja ya mbele haitoshi. Omba picha ya chini, ya ndani, na ya namba. Familia ya Mitchell ni kubwa: 308 ni ndogo, 302 ni kubwa ya baharini, na bobini ya moja haiingii kwenye nyingine hata zikifanana sura. Omba pia aeleze kwa maneno yake kama kuna ufa. Muuzaji wangu wa kwanza alipoulizwa kuhusu ufa akakaa kimya. Kimya hicho ni jibu. Wa pili alinitumia picha tano bila kuombwa. Bobini yenyewe ilikuwa rahisi. Usafirishaji ukaizidi bei, na hapa nchini kuna VAT ya asilimia 18 pamoja na ushuru kutegemea mzigo. Mpaka inafika mkononi mwangu Kigoma, mwisho wa reli, nilikuwa nimetumia kama shilingi 85,000 kwa kipande cha plastiki kinachokaa kwenye kiganja. Mume wangu hajui bei hii. Sasa anaijua.

Kwa karabai mambo yalikuwa na hatari zaidi, na hapa naomba mnisome polepole.

Mbili zilikuwa kubwa: moja Petromax ya Ujerumani, nyingine Anchor ya China. Ya tatu ni Petromax ndogo. Petromax ilitoka kiwanda cha Ehrich & Graetz cha Berlin, na Wachina waliinakili vizuri kiasi kwamba vipuri vingi vya Anchor kubwa vinaingia kwenye Petromax kubwa bila ugomvi. Hii ni neema, kwa sababu vya Anchor bado vinapatikana kwenye maduka ya vifaa ukiulizia kwa subira. Kioo nilikipata Ujiji kwa shilingi 12,000.

Mpwa wangu, kwa nia njema kabisa, aliichukua Petromax kubwa nyuma ya nyumba akaisugua kwa msasa na limao ili "irudi upya". Nilipofika upande mmoja umeshakuwa wa njano wote na ile rangi ya fedha ya kiwandani imekwenda na maji. Taa itawaka, lakini sura aliyoijua baba imeondoka upande ule, na mwenye kupenda vitu vya kale akiiona anashusha bei papo hapo. Kusafisha kunatosha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya mche na kitambaa laini. Kutu na alama za mikono ni sehemu ya chombo.

Sasa kuwasha. Karabai ni tangi la mafuta lililojazwa presha. Unapampu, hewa inasukuma mafuta ya taa kupanda kwenye kijibomba kilichopashwa moto, yanageuka mvuke, yanapenya kitundu chembamba kuliko sindano ya kushonea, yanachanganyika na hewa na kuwaka ndani ya kile kifuko chepesi cha nyuzi. Tangi likiwa na ufa, mafuta yanatoka pembeni ya moto. Baba mdogo ana kovu mkononi kwa sababu hiyo. Alinikataza kutia mafuta kabla ya kupima, na kipimo alichonifundisha ni hiki: tangi likiwa tupu na kavu, funga kila kitu, pampu hewa kiasi, lizamishe kwenye beseni la maji, tazama. Anchor haikutoa hata povu moja. Petromax ikatoa mkufu wa mapovu madogo kwenye shingo ya pampu, na kwenye mshono wa chini hakukuwa na kitu. Ingekuwa mshono wa chini, alisema, tungeiweka kabatini iwe pambo. Shingo ya pampu ni wosha tu, tukabadilisha.

Pampu yenyewe ilikuwa inaingia na kutoka bila kukamata. Ukiona hivyo usiitupe. Mwisho wake kuna kikombe cha ngozi, nacho kikikauka kinasinyaa. Kiloweke kwenye mafuta mpaka kilainike, kipanue taratibu kwa vidole, kirudishe. Kitundu cha kutolea mvuke kikiziba, tumia pini ya stovu, ile ya kipampu iliyokuwa kila nyumba. Mafuta ya taa yachuje kwa kitambaa safi. Na petroli isikaribie karabai hata kidogo, hata kama mtu anakuapia kwamba huko kwao wanatia.

Kuhusu vile vifuko vya nyuzi: kwenye kasha kulikuwa na pakiti ya zamani haijafunguliwa. Vya zamani vilitiwa thoriamu, madini yenye mionzi kidogo. Ukikivunja kinakuwa unga mweupe. Usiupulize, usiuvute, na watoto wakae mbali. Mimi nilinunua vipya, ile pakiti nimeiacha imefungwa.

Tuliziwasha uwanjani jioni moja umeme umekatika, mlango wa nyumba uko wazi, ndoo ya mchanga karibu. Petromax ilitema moto wa njano kwanza, ikafoka, baba mdogo akaipampu kidogo kidogo bila hofu, na ghafla ikashika, nyeupe, na ule mvumo wake. Mama alitoka ndani akasimama. Hakusema chochote kuhusu baba. Alisema, "Dudu zitajaa, isogezeni kule." Na kweli, wadudu walijaa, majirani wakajaa, na mtu mmoja akauliza kama tunakodisha kwa msiba. Tunakodisha, mradi anayeiwasha awe mtu wetu.

Wavu wa pamba niliuchoma moto, isipokuwa kipande cha ukubwa wa kanga nilichokiacha chenye mafundo ya mkono. Kulikuwa na wavu mwingine wa nailoni bado mzima, matundu madogo sana, na kaka mdogo aliutamani. Nilikataa. Wavu haramu haugeuki halali kwa kuwa mkongwe, na afisa uvuvi akiukamata hataki kusikia habari za urithi. Hata ile mashine ya mshipi, kabla ya kuvua nayo nilikwenda kuuliza ofisi ya uvuvi utaratibu ukoje kwa mtu anayevua kwa ufito. Kuuliza hakukunigharimu kitu.

Ziwa lilipofunguliwa nikaenda Bangwe na mpwa wangu, tukakaa kwenye miamba. Ufito ulikuwa mpya wa kichina, mshipi mpya. Mshipi wa nailoni uliokaa miaka kwenye bobini unakatika kwa mkono, usiuamini hata kama unang'aa. Chambo kilikuwa kijiko cha bati, kile kile cha ndani ya kasha, tumekibadilisha ndoano tu. Mashine ilizunguka vizuri ila inausokota mshipi kama usipokuwa mwangalifu: ule waya wa nusu duara ufunge kwa kidole baada ya kurusha, usiufunge kwa kuzungusha mkono. Hapo mshipi haujisokoti sana, na springi ya kitasa inaishi zaidi. Siku ya kwanza hatukupata kitu. Siku nyingine akashika kuhe wa kutosha mchuzi wa watu wanne, na mpwa wangu ndiye aliyekuwa ameshika ufito, kwa hiyo mimi siwezi kujisifu.

Habari zilisambaa. Akaja mgeni mmoja kutoka Dar, mpenzi wa vitu vya kale, akaitazama Mitchell na lile boksi la Mustad, akataja bei inayozidi mara kadhaa ile shilingi 120,000. Kaka mkubwa alikuwepo. Jioni ile ile akaanza kusema kwamba kwenye kikao hatukujua thamani, na kwamba mali ya baba ni ya wote. Nikaenda chumbani nikaleta karatasi ya daftari yenye sahihi nne. Hatukugombana, ila bila ile karatasi tungegombana, na mama angetuona. Andikeni, hata kama ni ndugu wa tumbo moja, na andikeni hata kitu gani kimoja kimoja, si "vitu vya kasha".

Sikuuza. Siyo kwa utakatifu. Mpwa wangu ameanza kwenda kwa fundi saa kila Jumamosi kujifunza, na mashine ndiyo anayofungulia na kufungia. Kama siku moja shida itatubana tutaiuza kwa bei yake, tukijua tunachouza.

Kilichobaki ni ile Petromax ndogo, ya mishumaa 250. Vipuri vya karabai kubwa haviingii kwake. Inahitaji kijibomba cha kupashia na sindano yake. Nimeulizia Ujiji, nimeagiza kwa mtu aendaye Kasulu, na dereva mmoja wa basi la Tabora ameahidi kunitazamia kwa mafundi wa huko. Mwenye taa mbovu ya namba hiyo asiipeleke kwa mizani kabla hatujaonana.